Ruthu Alikuwa Anahemea

Mwaka jana, mwezi wa Mei, nilihudhuria kicheni pati ya binti wa baba yangu mdogo katika ukumbi mmoja hapa Dodoma. Baada ya chakula, mama aliyealikwa kutoa nasaha alifungua Biblia kwenye kitabu cha Ruthu. Somo lake lilikuwa na vipengele vitatu. Ruthu alimheshimu mama mkwe wake. Ruthu hakuwa mvivu. Kwa sababu hizo mbili, Mungu alimpa Boazi, mwanamume mwenye mali na heshima. Akatuambia kwamba kila binti ana Boazi wake na kazi yake ni kumngoja kwa adabu. Tulipiga vigelegele, nami nikiwamo.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa amekaa kulia kwangu na kitenge chake kipya kilichokuwa bado kigumu. Hakupiga kigelegele. Aliniinamia sikioni akasema, "Huyo binti alikuwa anahemea."

Msomaji ambaye hakukulia nyanda za kati huenda akahitaji maelezo kidogo. Kuhemea ni kwenda mbali na kwenu kutafuta chakula wakati wa njaa. Waweza kwenda na mbuzi ukabadilishe na nafaka, au na pesa kidogo ukanunue. Usipokuwa na kimoja wala kingine, unakwenda na mikono yako: unalima, unavuna au unatwanga kwa watu, unalipwa kwa debe. Neno hili limo kwenye kamusi zetu za Kiswahili, lakini kwa Wagogo halihitaji kamusi. Lina sauti za watu tunaowajua.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya sentensi ile moja ya Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Tangu kidato cha kwanza nimefundishwa kuhakiki kwa kutafuta dhamira, ujumbe na mafunzo, na nimekuwa hodari wa kazi hiyo. Nipe hadithi yoyote nami nitakutolea mafunzo matano kabla chai haijapoa. Kumbe nilikuwa nimesikia habari za Ruthu tangu utotoni, na sijawahi kuona kwamba hadithi hiyo inaanza kwa njaa.

Inaanza hivyo kweli. Njaa inaingia Bethlehemu, mji ambao jina lake kwa Kiebrania maana yake ni nyumba ya mkate. Elimeleki anaondoka na mkewe Naomi na vijana wao wawili kwenda nchi ya Moabu. Huko anafariki. Vijana wanaoa wanawake wa Kimoabu, Orpa na Ruthu, nao pia wanafariki baada ya miaka kama 10. Naomi anasikia kwamba kwao kuna chakula tena, anarudi, na Ruthu anakataa kumwacha. Ile ahadi maarufu ya kwenda pamoja na kufa pamoja, ambayo siku hizi husomwa kwenye harusi zetu kana kwamba bibi arusi anamwambia bwana arusi, Ruthu anamwambia mama mkwe wake, wajane wawili wakiwa barabarani bila mwanamume yeyote karibu. Wanafika wakati wa mavuno ya shayiri. Ruthu anaenda mashambani kuokota masuke yanayobaki nyuma ya wavunaji.

Wiki mbili baada ya ile kicheni pati nilikwenda kijijini kwa Bibi, upande wa Mvumi, nikamsomea kitabu chote. Ni sura nne tu. Kinasomwa kwa muda usiozidi nusu saa. Sisi tulitumia mchana mzima kwa sababu Bibi alikuwa akipepeta uwele na kila mara alinisimamisha.

Mara ya kwanza alinisimamisha kwenye hesabu. Maandiko yanasema Ruthu alipopura alichookota siku ile, alipata kama efa moja ya shayiri. Nilimweleza kwamba wataalamu hukadiria efa kuwa lita 22 hivi, yaani debe moja na ziada. Bibi aliweka ungo chini. "Debe? Kwa siku moja? Kwa kuokota?" Akatikisa kichwa. "Hapo mwenye shamba aliwaambia watu wake wamwachie." Nikarudi nyuma mistari michache. Ndivyo ilivyo: Boazi anawaagiza vijana wake wachomoe masuke kwenye miganda na kuyaacha chini kwa makusudi ili Ruthu ayaokote. Mimi nilikuwa nimesoma mistari hiyo pasipo kuiona. Bibi aliiona kabla haijasomwa, kwa sababu anajua kibaba cha masazo kinavyopatikana.

Mara ya pili alinisimamisha kwenye onyo. Boazi anamwambia Ruthu asiende shamba jingine, na kwamba amewakataza vijana wasimguse. Baadaye Naomi naye anamwambia akae karibu na wasichana wa Boazi, asije akakutwa na watu kwenye shamba la mwingine. Niliposoma hapo Bibi aliniuliza, "Kwa nini awakataze?" Halikuwa swali la mtu asiyejua. Alikuwa ananipima kama nimeelewa.

Mwaka 1974, njaa ilipobana sehemu nyingi za Tanzania, Bibi alikwenda kuhemea upande wa Gairo akiwa amembeba baba yangu mgongoni. Hilo nilikuwa nalijua kama habari ya familia, ya mstari mmoja. Siku ile aliongeza mistari mitatu. Kwamba walikwenda wanawake wanne. Kwamba walilala kwenye banda la mtu. Kwamba mmoja wao hakutaka kurudi tena shamba lile, ingawa ndilo lililokuwa na malipo mazuri. Kisha akaendelea kupepeta. Sikumuuliza zaidi, na makala haya hayatauliza.

Mara ya tatu ilikuwa kwenye sura ya tatu, pale Naomi anapomwambia Ruthu aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, aende usiku kwenye uwanja wa kupuria alikolala Boazi. Wanenaji wa kicheni pati hupita hapo kwa haraka au huligeuza kuwa somo la usafi. Bibi hakutabasamu. Alisema tu, "Walikuwa wamebakiwa na mavuno ya siku chache." Na kweli, sura ya pili inaishia kwa kusema Ruthu aliokota mpaka mwisho wa mavuno ya shayiri na ya ngano. Baada ya hapo hakuna cha kuokota. Mpango wa Naomi unakuja wakati ghala halina kitu na msimu umekwisha. Ukiisoma ukiwa umeshiba, hiyo ni hadithi ya mapenzi. Ukiisoma na aliyewahi kuhemea, ni hadithi ya watu wanaopiga hesabu ya miezi.

Kwa hiyo somo la kicheni pati lina kasoro gani? Heshima kwa mama mkwe ni jambo jema na bidii ni jambo jema. Kasoro yake ni kwamba limepelekwa kwa mtu asiyehusika. Linamwambia asiye na shamba jinsi ya kuwa mwema ili mwenye shamba amwone. Wayahudi, ambao kitabu hiki ni chao kabla hakijawa chetu, wamekiweka mahali pengine kabisa.

Katika kalenda yao kuna sikukuu iitwayo Shavuoti, ambayo Biblia zetu huiita sikukuu ya majuma. Huja siku 50 baada ya Pasaka, mwezi wa Mei au Juni, na asili yake ni mavuno ya ngano. Baadaye ikawa pia kumbukumbu ya kupewa Torati mlimani Sinai. Kwa desturi ya Wayahudi wengi, kitabu kinachosomwa sinagogi siku hiyo ni Ruthu. Yaani kinasomwa nafaka ikiwa imeingia ndani. Wanaokisikiliza ni watu waliovuna. Somo linamwangukia mwenye ghala.

Mpangilio huo haukubuniwa hewani. Fungua Walawi 23, sura inayoorodhesha sikukuu zote: Sabato, Pasaka, majuma, vibanda. Katikati ya orodha hiyo ya tarehe na sadaka, mara tu baada ya sikukuu ya mavuno, kunachomekwa sheria ambayo si ya sikukuu hata kidogo: unapovuna usimalize pembe za shamba lako, wala usirudi kuokota yaliyoanguka, hayo ni ya maskini na mgeni. Kisha orodha ya sikukuu inaendelea. Kwa mwanafunzi wa fasihi, mstari uliokaa mahali usipotarajiwa ni mstari wa kusomwa mara mbili. Unasema kwamba sikukuu haijakamilika ikiwa pembe za shamba zimevunwa.

Na si sikukuu peke yake. Katika sala ya asubuhi ya Kiyahudi, ile ya kila siku, kuna kifungu kutoka Mishna, mkusanyo wa sheria uliotungwa yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Kifungu hicho kinataja mambo ambayo hayana kipimo, na la kwanza kutajwa ni pembe ya shamba. Mtu wa mjini asiye na hata bustani ya mchicha anaamka na kulitamka kila siku. Lakini Mishna hiyohiyo, ikiwajua binadamu, inaongeza kwamba asiache chini ya sehemu moja ya 60. Kwenye magunia 60, gunia moja. Huwezi kuacha suke moja ukasema umetii.

Hapa nataka kurudi kwenye jambo linalonihusu mimi. Katika muhula wangu wa kwanza, mwenzetu mmoja aliposikia natoka Ugogoni aliuliza kwa utani kama nimekuja na kopo. Darasa lilicheka. Nami nilicheka. Kila Mgogo aliyeishi Dar es Salaam anaujua utani huo, kwamba sisi ni kabila la ombaomba. Nimeubeba kama mwiba, na nimewahi hata kujibu kwamba kwetu ni "Dodoma mjini", kana kwamba lami inafuta ukoo.

Sheria ya pembe za shamba imenipa jibu ambalo sikuwa nalo siku ile. Ruthu hakuwa anaomba. Masazo yale hayakuwa ya Boazi. Kisheria yalikuwa ya mjane, ya yatima na ya mgeni, na Ruthu alikuwa mjane na mgeni kwa pamoja. Anayeokota anafanya kazi: anainama, anakusanya, anapura, anabeba. Mwenye shamba hampi kitu. Anajizuia tu kuchukua kisicho chake. Kati ya kupewa na kuachiwa kilicho chako pana umbali mkubwa, na ndani ya umbali huo ndimo heshima ya mtu inamokaa.

Nikifika hapo lazima nikihakiki pia kitabu chenyewe, kwa sababu hakiwi safi kwa kuwa ni kitakatifu. Ruthu anaomba ruhusa kuokota kilicho haki yake, na akipewa anainama mpaka chini kushukuru. Mishna, karne nyingi baadaye, inasema kwamba mwenye shamba anayemruhusu maskini mmoja akamzuia mwingine, au anayemsaidia mmoja wao kuokota, anawaibia maskini. Hebu usome tena agizo la Boazi kwa vijana wake ukiwa na sheria hiyo mkononi. Mtetezi wake atasema alichomoa kwenye miganda yake mwenyewe, hivyo ilikuwa zawadi, na atakuwa na hoja. Lakini wale waokotaji wengine walikuwa wapi? Hadithi haiwataji. Hatujui kama waliondoka na debe au na kibaba. Ruthu alipata debe kwa sababu alipendwa, na haki inayotegemea kupendwa inamwacha njiani asiyependeza.

Walimu wa kale wa Kiyahudi walikisoma kitabu hiki kwa kukitafutia mafunzo, kama sisi. Rabi Zeira alijiuliza kwa nini Ruthu kiliandikwa, kwa kuwa hakina sheria za unajisi wala za yaliyokatazwa na yaliyoruhusiwa, akajibu kwamba ni kufundisha ukubwa wa thawabu ya watendao fadhili. Wengine walitaka kujua kwa nini Elimeleki alikufa. Jibu lao moja ni kali: alikuwa tajiri, mtu wa kutegemewa na mji wake, na njaa ilipokuja alihofu kwamba watu watapanga foleni mlangoni pake, kwa hiyo akakimbia. Napenda lawama hiyo iende kwa mwenye nacho. Mara nyingi njaa ikija sisi humtafuta mwenye kosa miongoni mwa wenye njaa.

Nilipomweleza Bibi, hakukubali. "Ana watoto wawili. Akae afanye nini?" Nikamwambia walimu wanasema alikuwa na chakula. "Nani alimhesabia?" Hapo nilinyamaza, kwa sababu maandiko yenyewe hayasemi kwamba Elimeleki alikuwa tajiri wa siku ile. Naomi anasema aliondoka akiwa amejaa akarudi mtupu. Hilo ndilo walimu walilolishika. Mama aliyefiwa na mume na watoto anaweza kuita familia yake utajiri.

Hadithi ya Ruthu haisemi njaa ile ilisababishwa na nini. Wagogo tuna njaa ambazo zina majina, na kubwa kuliko zote katika kumbukumbu za karne iliyopita ni Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Hiyo sababu zake zinajulikana. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana, na nchi ikawa haina akiba. Ukitaka kutoa funzo kwenye Mtunya kwa kutazama tabia ya walioteseka, utakuwa umemwachia aliyechukua ng'ombe aende zake.

Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, njaa hiyo ikianza. Wengi tunamjua kwa Ngonjera za UKUTA. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Muongo uliofuata, Mgogo huyu Mkatoliki, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, alizichukua Zaburi, yaani sala za Wayahudi, akazitungia utenzi, bahari iliyolelewa na Waislamu wa pwani. Sidhani ni bahati kwamba alichagua Zaburi. Humo mtu mwenye njaa na mtu anayefukuzwa wanaruhusiwa kulalamika kwa Mungu moja kwa moja, bila kwanza kugeuza mateso yao kuwa nasaha. Mnyampala anatuonyesha kwamba tunaweza kuyapokea maandiko ya Kiyahudi tukiwa na lugha yetu na njaa zetu, bila kujifanya sisi ndio wenye asili nayo.

Wapo jirani zetu waliokwenda mbali zaidi. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari wa Kiganda, aliisoma Biblia mpaka mwaka 1919 akatangaza kwamba yeye na watu wake ni Wayahudi. Jamii hiyo, Abayudaya, ilivumilia kupigwa marufuku kwa dini yao enzi za Idi Amin, na bado ipo. Kwao Shavuoti ni sikukuu ya nyumbani. Sisi wengine tunayo kwa jina la Pentekoste. Tunasherehekea ndimi za moto, tumesahau kwamba umati ule Yerusalemu ulikuwa umekuja kwa ajili ya sikukuu ya mavuno.

Na hapa Dodoma kalenda zinakutana bila kulazimishwa. Mvua zetu huanza Desemba na kwisha Aprili. Mei na Juni ndiyo miezi ya kuvuna uwele na mtama. Pentekoste inatukuta na nafaka uani.

Kwa hiyo mwaka huu, jumuiya yetu ndogo iliponipa zamu ya kusoma karibu na Pentekoste, nilisoma sura ya pili ya Ruthu na ule mstari wa Walawi 23. Sikutaja Boazi wa mtu yeyote. Nilieleza sehemu moja ya 60. Nikataja kwamba Torati inasema jambo hilohilo kuhusu mizabibu: yanayoanguka na yanayosazwa ni ya maskini na mgeni. Niliposema mizabibu, watu waligeuka kumtazama mzee mmoja, kwa sababu ana ekari za zabibu, na sote tuliokulia pale tumewahi kufukuzwa na mlinzi wake tukiokota zilizoanguka baada ya mavuno.

Mzee hakukasirika. Alisema watoto wakiingia wanavunja matawi, na tawi lililovunjika ni hasara ya msimu ujao. Mama mmoja akasema basi waingie wakubwa. Kijana mmoja akatoa simu akaanza kukokotoa sehemu ya 60 kwa ekari mbili. Mzee akauliza kama hesabu inafanywa kwa kilo au kwa mistari ya miti. Hakuna aliyejua. Tuliachana bila kuamua, na sala ya kufunga ikawa ndefu kuliko kawaida.

Bibi hakuwapo, miguu inamsumbua. Nilimpigia simu kumweleza. Alicheka kuhusu kilo na mistari ya miti, kisha akauliza mavuno ya zabibu ni lini. Nikamwambia Agosti. "Basi," akasema, "Agosti upite pale uone."